Kiinua mgongo mkononi: Utajenga Kericho, Bomet au Sigowet?

MSOMAJI, tuseme Ijumaa iliyopita uliitwa ofisini ukakabidhiwa barua. Umeitumikia kampuni ile kwa miaka 27, na sasa unaambiwa kwa upole kwamba kazi imekwisha. Baada ya miezi mitatu utapata hundi ya kiinua mgongo, ya kwanza na ya mwisho maishani mwako. Una mke, una mtoto chuoni na mwingine shuleni. Nairobi huwezi kuendelea kulipa kodi ya nyumba bila mshahara. Je, hundi hiyo utaipeleka wapi?

Swali hili lilimkosesha usingizi jirani yangu mmoja wa mtaa wa Umoja. Tumwite Baba Chebet. Yeye ni mzaliwa wa Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, na kwake jibu lilikuwa wazi: kurudi nyumbani, kujenga katika shamba la babake, kufuga ng'ombe wawili wa gredi na kunywa mursik hadi uzee umkute. Mkewe, aliyezaliwa pande za Litein, alitaka ploti katika mji wa Kericho. Binti yao Chebet, anayesoma Bomet, alisema wazazi wote wawili wamekosea, kwani mji unaokua ni Bomet.

Mimi nilikaribishwa chai ya saa kumi jioni. Kabla sijamaliza kikombe, nikaombwa niwe mwamuzi. Nilikataa, lakini niliwaahidi jambo moja: nikienda pande hizo nitatembea miji yao yote kwa jicho la mtu anayetaka kujenga, kisha nirudi niwaeleze nilichokiona. Ninayokuandikia leo ndiyo niliyowaeleza, pamoja na jambo moja ambalo sikulitazamia.

KERICHO: KIJANI KIBICHI, LAKINI PAMEBANA

Tuanze na mkubwa wao. Ukitoka Nairobi kwa njia ya Nakuru, Kericho ni mwendo wa kilomita zipatazo 260. Mji umo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua huko haina likizo. Asubuhi jua linawaka, alasiri wingu jeusi linatanda, na saa kumi watu wanakimbilia barazani mwa maduka. Mara nyingine hushuka mvua ya mawe inayochana majani ya chai kama karatasi. Kama kifua chako hakipatani na baridi, anza kununua sweta leo.

Mgeni hapa haoni uhaba wa vitu vya kutazama. Kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Wakatoliki, lililofunguliwa mwaka 2015, ambalo paa lake refu lapanda kuelekea madhabahuni kama kilima. Kuna hekalu kubwa la Masingasinga la kumkumbuka Baba Puran Singh, linalopokea mahujaji kutoka nchi za mbali. Kuna Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond miaka ya 1950 wakati mabwana wa chai walipohitaji mahali pa kupumzikia. Na ni wilaya hii ya Kericho iliyomlea marehemu Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kutwaa medali ya Olimpiki: shaba mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha Mexico mwaka 1968.

Lakini mtu hajengi nyumba ili atazame makanisa. Mvuto hasa wa Kericho kwa familia kama ya jirani yangu ni huduma. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini. Mahakama Kuu ina kituo hapa. Benki, afisi za ardhi na shule ziko karibu. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, si mbali. Isitoshe, barabara za kwenda Nakuru, Kisumu na Kisii zote zinakutana hapa, kwa hivyo usafiri haukosekani.

Kasoro yake ni gani? Mji umebanwa. Tangu miaka ya 1920, kampuni kubwa za chai zilitwaa ardhi ya kandokando, na hadi leo ukitembea kidogo tu kutoka katikati ya mji unakutana na ua wa majani ya chai. Mji hauna pa kunyooshea miguu, na ploti ndogo pembezoni mwake ingemeza sehemu kubwa ya hundi ya Baba Chebet kabla hajanunua hata tofali moja.

Pia, usiende Kericho ukidhani mwanao atapata kazi ya kuchuma chai kama walivyopata babu zake. Mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya mikono mingi. Mnamo Mei 2023 hasira za vijana zilifikia kiwango cha kuchoma mashine hizo mashambani. Mwaka uo huo mashamba ya kampuni ya James Finlay yaliuzwa kwa Browns ya Sri Lanka. Wenye mali wanabadilika, lakini mashine haziondoki.

BOMET: MJI WENYE HARAKA

Hadi mwaka 1992 Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho. Mwaka huo ikapewa wilaya yake, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 ikawa makao makuu ya kaunti. Kwa idadi ya watu, dada hawa wawili wanakaribiana sana: katika sensa ya 2019, Kaunti ya Kericho ilikuwa na watu 901,777 na Bomet 875,689.

Mji wenyewe ni mdogo kuliko Kericho, lakini una pilikapilika za kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza. Uko katika barabara ya kutoka Mai Mahiu na Narok kuelekea Kisii, kwa hivyo msafiri wa Nairobi hana haja ya kupitia Nakuru. Magari ya masafa marefu yanapita, nyumba za ghorofa zinapanda, na wanafunzi wanatafuta vyumba vya kukodi. Chuo kikuu cha hapa kilianza mwaka 2017 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwenye nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha hakosi wa kumgongea mlango, na hii ndiyo hoja aliyoishikilia Chebet: "Baba ajenge vyumba, kodi iwe ndiyo mshahara wake."

Kwa upande wa tiba, Bomet ina jambo la kujivunia. Karibu na mji kuna Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937. Ilianza kama zahanati ya kijijini, na leo madaktari wake wanafanya hata upasuaji wa moyo na kuwafunza wengine kazi hiyo. Hospitali hii ina mtambo wake wa umeme unaoendeshwa na maporomoko ya mto ulio jirani. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Longisa, kandokando ya barabara ya Narok.

Hata hivyo, mji unaokua kwa fedha za serikali ya kaunti hupumua kwa pumzi za serikali hiyo. Mgao wa fedha kutoka Nairobi ukichelewa, mkandarasi halipwi, mfanyakazi wa kaunti halipwi, na mwenye duka anaandika madeni kitabuni. Nawe unayepanga kununua shamba huko, kumbuka mwaka 2011. Ni katika Bomet ambako ule ugonjwa hatari wa kukausha mahindi ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Wakulima waliotegemea mahindi pekee walivuna magunzi. Mstaafu asiweke mayai yake yote katika kapu moja.

MIJI YA KATI: LITEIN, KAPKATET, SOTIK

Kati ya vigogo hao wawili kuna miji ambayo wengi huipita wakiwa wamelala ndani ya basi. Shika barabara ya Kericho kwenda Kisii. Utapita Litein, wenye kiwanda cha chai cha wakulima wadogo na hospitali ya kanisa la AIC. Utapita Kapkatet, wenye hospitali ya umma. Kisha utafika njia panda ya Kaplong, inapoungana barabara ya kutoka Bomet, na hatua chache mbele uko Sotik, mji wa maziwa na chai, ambapo New KCC ina kiwanda.

Miji hii inafuata kalenda ya mkulima. Mwezi wa kawaida, biashara ni ya pole. Bonasi ya chai ikitoka, kwa kawaida mwezi Oktoba, mabati yanauzwa, karo inalipwa, harusi zinapangwa. Bonasi ikiwa duni, mji mzima unanuna. Na wakulima wa kanda hii wamelalamika kwa miaka mingi kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa Kirinyaga na Meru. Kwa hivyo anayetaka kufungua duka Litein asihesabu wateja wa Oktoba pekee. Na ahesabu wa Machi.

Nikisema kweli, ningekuwa mimi mwenye hundi ile, na sina shamba popote, ningeipenda miji hii ya kati. Ardhi yake haijawa ghali kama ya Kericho, hospitali ipo, na barabara ya lami inapita mlangoni. Lakini Baba Chebet hakuwa mtu asiye na shamba, na hapo ndipo penye kiini cha hadithi yetu.

SIGOWET: NYUMBANI KWA MZEE

Kwenda Sigowet unashika barabara ya Kisumu kutoka Kericho hadi Kapsoit, kisha unaacha barabara kuu na kuelekea upande wa Sondu. Mimi nilipanda Probox. Gari la watu watano lilitubeba tisa, na mama mmoja alinipakatisha kuku wake bila kuniuliza. Kufikia nusu ya safari nilijua habari za abiria wote, nao walijua zangu.

Sigowet ni kituo kidogo cha biashara. Utaona maduka kwenye mistari, kinu cha kusaga mahindi, vibanda vya M-Pesa, vijana wa bodaboda wakingoja mteja, afisi za serikali na hospitali ya kaunti ndogo. Jina lake lilipata uzito mwaka 2013 lilipoundwa eneobunge la Sigowet/Soin. Soin ni upande wa chini, wenye joto, unaoteremka kuelekea tambarare za Kano. Katika safari fupi ya kushuka unaiacha chai, unakutana na kahawa na mahindi, na ukifika chini kabisa unaona miwa. Ni watu wachache Kenya wanaoweza kubadilisha hali ya hewa kwa nauli ya bodaboda.

Uzuri wa Sigowet ni kwamba hakuna mgeni. Ukiugua, jirani anajua kabla hujamwambia. Ukikosa chumvi, unatuma mtoto ng'ambo ya ua. Maziwa unayaona yakikamuliwa. Hewa ni safi, na usiku ni giza la kweli, lenye nyota.

Soko kubwa la jirani ni Sondu, kwenye mpaka wa Kericho na Kisumu. Hapo samaki wa ziwani anakutana na maziwa na mahindi ya milimani, na utasikia Kiluo, Kikipsigis na Kiswahili katika sentensi moja. Mto uliolipa soko hilo jina unatoka kwenye vilima vya Mau, na maji yake yanazalisha megawati 60 za umeme katika kituo cha Sondu Miriu. Lakini tusifiche: mpaka huo umewahi kumwaga damu, katika mapigano ya 1992 na tena mwaka 2023. Wafanyabiashara wa pande zote mbili ndio walioumia kwanza, kwani soko likifungwa hakuna kabila linalokula.

Nikauliza juu ya mambo mengine pia. Mvua ikinyesha siku tatu, njia za udongo za kuingia vijijini huwaje? Nikaonyeshwa gari lililokwama tangu juzi. Mgonjwa akizidiwa usiku? "Anapelekwa Kericho," nikajibiwa, "kama gari lipo." Jibu hilo nililiandika daftarini na kulipigia mstari, kwani nilijua kwamba Mama Chebet ana presha na huhudhuria kliniki kila mwezi.

JINA LA MAREHEMU

Niliporudi Nairobi, niliwaeleza yote haya kama nilivyokueleza wewe. Baba Chebet alifurahi kusikia habari za kwao. Chebet alitetea Bomet. Mama Chebet alikuwa akimimina chai, kimya. Kisha akaweka birika chini na kusema:

"Mimi sikatai Sigowet. Mimi nakataa kujenga nyumba juu ya jina la marehemu."

Kimya kikatanda. Ikawa hivi: shamba ambalo jirani yangu huliita lake bado liko katika jina la babake, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mama mzazi naye hayupo tena. Hakuna kesi ya urithi iliyowahi kufunguliwa. Shamba ni ekari sita. Ndugu wa kiume ni wanne, na kwa hesabu ya Baba Chebet kila mmoja ana ekari moja na nusu. Lakini kuna dada wawili walioolewa, ambao hawakuwamo katika hesabu yake.

Msomaji, hapa ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tukijadili miji kwa sababu ni rahisi kuliko kujadili jambo lenyewe. Sheria ya Urithi ya Kenya haibagui mtoto wa kiume na wa kike. Wazazi wakifariki bila wosia, watoto wote hugawana sawa, awe ameolewa au hajaolewa. Ekari sita kwa watoto sita ni ekari moja kila mmoja. Nusu ekari ambayo Baba Chebet alikuwa amekwisha kuipangia zizi la ng'ombe huenda ni ya dada yake.

Na tuseme angejenga bila kuuliza mtu, kisha Mungu akamchukua kabla ya mkewe. Je, mjane huyo angeonyesha karatasi gani? Hatimiliki ina jina la baba mkwe. Shemeji mwema angemwacha akae. Shemeji mbaya angemwonyesha barabara ya Litein. Kiinua mgongo cha miaka 27 kingekuwa kimejenga nyumba ya watu wengine.

Wanawake wengi wanaosemekana kupenda anasa za mjini hawapendi anasa. Wanapenda hati yenye jina lao. Ploti ya Kericho, pamoja na udogo na ughali wake, ingeandikwa majina mawili. Hilo ndilo Mama Chebet alilokuwa akilitaka tangu mwanzo, na kwa miezi mitatu hakuna aliyemwuliza.

KABLA HUJANUNUA SARUJI

Kwa hivyo, ewe unayeingoja hundi yako, usianze kwa kuuliza mji upi ni mzuri. Miji yote hii ni mizuri kwa mtu wake. Eldoret limekuwa jiji mwaka 2024, na Nakuru mwaka 2021, lakini cheo cha mji hakitakupeleka kliniki usiku. Jiulize haya:

Kwanza, hati iko katika jina la nani, na nikifa leo mwenzangu atalala wapi? Ikiwa jina ni la marehemu, nenda kwa chifu upate barua inayowataja warithi wote, wa kike kwa wa kiume, kisha fungueni faili mahakamani. Mahakama huteua wasimamizi wa mali, na kwa kawaida kugawa huidhinishwa baada ya miezi sita. Hakuna mwenye haki ya kuuza wala kukata kipande kabla ya hapo.

Pili, usiku wa mvua, mgonjwa wangu atafika hospitali gani, na kwa gari la nani?

Tatu, nitakula nini mwezi usio na bonasi wala kodi ya wapangaji?

Nne, watoto wangu wataishi hapa, au ninajenga nyumba ya kulaliwa siku ya Krismasi peke yake?

Tano, je, nimewahi kukaa hapo mwaka mzima tangu niwe mtu mzima? Likizo ya Desemba si kipimo. Panga kwanza, jenga baadaye.

Jirani yangu na mkewe waliondoka Umoja miezi michache baadaye. Hawakujenga Sigowet wala hawakununua Kericho. Walikodi nyumba ya vyumba viwili mjini Kericho, karibu na hospitali, na sehemu kubwa ya hundi wakaiacha benki. Kila wiki Baba Chebet hupanda Probox kwenda Sigowet kushughulikia shamba na kikao cha ndugu. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa kelele. Cha pili dada wawili walialikwa, kwa mara ya kwanza, na mmoja wao alilia kabla hajasema neno.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Barua ya chifu imetoka, ina majina sita. Nilimwuliza kama ameridhika na ekari moja badala ya moja na nusu.

"Ekari moja yenye jina langu," akajibu, "ni kubwa kuliko sita zenye jina la baba."

Nyuma yake nilimsikia Mama Chebet akimsahihisha: "Jina letu."